Garati Haina Mbele

Hadi leo nikipanda treni huwa nauliza. Namuuliza gadi, namuuliza muuza karanga, namuuliza mama aliyekaa mbele yangu na kikapu chake: hii inakwenda wapi? Wakishanijibu wote jibu moja, nauliza tena. Watu hudhani ni uzee. Si uzee, ni aibu, na niliipata nikiwa bado kijana mwenye meno yote na suruali iliyopigwa pasi, wakati wa Mwingereza, kwenye kituo kidogo cha reli kati ya Mwanza na Tabora. Jina la kituo sitalitaja. Huenda bado yupo mtu pale anayenikumbuka.

Nilikuwa mshenga. Mdogo wangu alitaka kuoa, na ukoo ukanituma mimi kwa sababu nilijulikana kwa kupatana bei. Nilikuwa nanunua samaki wakavu Kemondo na kuwauza Muleba, na katika njia yote ile hakukuwa na mtu aliyewahi kuniuzia kitu kwa bei aliyoitaja kwanza. Kila kitu nilikihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa heshima ya mwenye mali, mara ya pili kwa usalama wangu. Tata, yaani baba yangu, alisema mbele ya wazee, "Huyu hata mkimtuma kuzimu atarudi na chenji." Wazee wakacheka, nami nikatazama chini kama mtu mnyenyekevu. Sikuwa mnyenyekevu.

Binti mwenyewe alikuwa wa kwetu kwa asili. Baba yake alitoka Muleba akiwa kijana, akavuka ziwa, akaajiriwa relini, na sasa alikuwa mchochea moto kwenye injini kubwa. Binti alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za reli, mlango wao ukiwa karibu na njia kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilisogea mezani. Mdogo wangu alimwona Muleba, alipokuja kumtembelea shangazi yake. Shangazi huyo, ishenkazi kama tunavyomwita kwa Kihaya, ndiye aliyefuatana nami kwenda kumchukua, maana kwetu bibi harusi hasafirishwi na mshenga peke yake. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo.

Safari yenyewe ilipangwa na Tata, na aliipanga kwa ndizi. Nieleze. Pombe ya harusi kwetu ni lubisi. Ndizi hufukiwa shimoni mpaka ziive, kisha hukamuliwa kwa miguu ndani ya mtumbwi wa kukamulia, maji yake huchanganywa na unga wa mtama, na siku yake ikifika lubisi huwa tayari. Ikipita siku hiyo huanza kuchacha. Ndizi zikishaingia shimoni huwezi kuziomba zisubiri. Tata alihesabu kurudi nyuma kutoka siku ambayo meli ingetufikisha Bukoba, akazifukia. Wageni wakaitwa kwa siku hiyo. Lori la kutuchukua bandarini likakodiwa kwa siku hiyo. Meli ilikuwa moja kwa wiki.

"Usichelewe," Tata aliniambia.

Tukavuka ziwa, tukafika Mwanza, tukapanda treni, tukafika. Baba wa binti alitupokea vizuri. Alituletea kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa na magome yake, iliyotoka Muleba, na kwa muda tukawa kama tuko nyumbani, ila kwa vikombe vinavyosogea. Mambo makubwa yalikuwa yamekwisha kukubaliwa. Lilibaki la mbuzi mmoja wa shukrani, ambaye wao walimtaka akiwa amefungwa kamba pale mlangoni, nami nilitaka akabidhiwe kwa ishenkazi Muleba. Mbuzi wa Muleba nilikuwa naye tayari. Mbuzi wa pale ningelazimika kumnunua pale, kwa watu nisiowajua, wakati wakijua kwamba sina muda. Hiyo si biashara, hiyo ni kunyang'anywa.

Baba wa binti alipenda kuzungumza, na alipenda kuzungumza habari ya kitu kimoja.

"Mshenga, umewahi kuiona garati?"

"Ndiyo iliyotuleta, Tata waitu," nikamjibu kwa heshima ya Kihaya.

"Kuletwa si kuona." Akachukua punje tatu za kahawa, akazipanga mkekani. "Injini za zamani zilikuwa mwili mmoja. Garati ni vipande vitatu. Huku tangi la maji juu ya magurudumu yake. Huku tangi la mafuta juu ya magurudumu yake. Katikati birika lenyewe la mvuke, limelala juu ya hao wawili kama mgonjwa kwenye machela. Umewahi kubeba mgonjwa?"

"Nimebeba."

"Basi unajua. Wabebaji wakifika kwenye kona, wa mbele anageuka, wa nyuma bado yuko kwenye njia iliyonyooka, na mgonjwa hasikii kitu. Reli yetu ni nyembamba, mshenga. Mita moja tu. Kona zake ni kali. Injini ndefu ya mwili mmoja ingeruka nje. Hii inajikunja. Na uzuri wake mkubwa..."

"Tata waitu," nikasema, "turudi kwa mbuzi."

Nilidhani ananichosha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitumia njia hiyo Kemondo: unamsimulia mwenye samaki habari za mkwe wako mpaka anasahau bei yake. Kwa hiyo kila alipofika kwenye uzuri mkubwa wa garati nilimrudisha kwa mbuzi. Alijaribu mara ya pili baada ya chakula. Nikamrudisha. Mwishowe alichoka yeye, akasema mbuzi apokelewe Muleba, basi. Ishenkazi alinitazama kwa heshima. Nakumbuka nilivyolala kwa furaha siku ile.

Asubuhi binti akatolewa. Kwa desturi ile, bibi harusi akishavuka mlango wa baba yake hufunikwa uso, na hasemi na mtu wa upande wa mume mpaka afike kwa mume, akae, na mbele ya mashahidi apewe kifungua mdomo. Kifungua mdomo chetu kilikuwa doti ya kanga niliyoinunua Bukoba kwa Muhindi mmoja aliyefunga duka mara tu nilipotoka, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeifunga ndani ya mzigo wangu. Wazazi nao hawamsindikizi binti. Walimuaga mlangoni, wakageuka, wakatupa migongo. Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo katika watu wote waliojua reli, aliyekwenda nasi kituoni alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa amefunikwa uso na hasemi.

Kituo chenyewe kilikuwa cha kupishana. Reli ilikuwa moja, basi treni ya kwenda Mwanza na ya kwenda Tabora zilikutana pale, moja ikaingia njia ya pembeni, zikasimama ubavu kwa ubavu. Tulipofika zote mbili zilikuwa zimesimama, na watu walikuwa wanapanda na kushuka kama siafu. Nikahesabu mizigo. Nikaihesabu tena. Nikahesabu watu: mimi, ishenkazi, bibi harusi. Nikatuhesabu tena.

"Ni ipi?" ishenkazi akauliza.

Nikazitazama injini. Mwanza ilikuwa kulia kwetu, Tabora kushoto. Hilo nililijua, na nilikuwa sahihi. Treni ya karibu yetu injini yake ilikuwa kushoto, upande wa Tabora. Lakini bomba lake la moshi lilikuwa kwenye ncha ya kulia ya birika, limeyatazama mabehewa yake yenyewe, limeitazama Mwanza. Treni ya pili injini yake ilikuwa mbali kule kulia, na bomba lake limeitazama Tabora. Mtu wa reli asingepoteza muda na mabomba. Mimi nilikuwa mtu wa ziwa.

"Hii ya karibu," nikasema.

"Mbona injini yake iko upande wa Tabora?"

"Iko huko, lakini uso wake unatazama wapi?"

Ishenkazi akakinga jua kwa mkono. "Unatazama Mwanza."

"Basi. Itasukuma."

"Treni husukuma?"

"Ishenkazi, meli ya Bukoba injini yake iko wapi?"

"Nyuma."

"Na haifiki?"

"Inafika, waitu." Akafikiri kidogo. "Lakini yule stesheni masta yuko pale pale. Tumuulize."

"Nikamuulize mbele ya watu wote hawa?" nikamwambia kwa sauti ya chini. "Ukiuliza njia kituoni umeshatangaza kwamba wewe ni mgeni. Mwizi anasikia, mpagazi anasikia, na bei ya kila kitu inapanda hapo hapo."

Hayo niliyaamini. Kemondo yalikuwa kweli.

Tukaanza kupanda. Bibi harusi akasimama chini, hataki kukanyaga ngazi. Alimshika shangazi yake kanga, akaivuta kuelekea treni ya pili. Nilifurahi kumwona. Bibi harusi anayepanda haraka huleta maneno. Watu husema kwao walikuwa wanamtafutia pa kumtupa. "Amelelewa vizuri," nikamwambia ishenkazi. "Mvute tu taratibu." Akavutwa taratibu.

Treni ikapiga honi, ikashtuka, ikaanza kwenda. Kushoto.

"Mshenga," ishenkazi akasema.

"Inarudi nyuma kwanza."

"Kwa nini?"

"Meli ikitoka gatini hufanya nini? Hurudi nyuma, kisha hugeuka, kisha hushika njia."

Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la pili alinitazama, akatazama dirishani. Nilidhani nimemfundisha kitu. Tukapita nyuma ya nyumba za reli. Ishenkazi akatoa kichwa nje.

"Ile si nyumba ya kaka yangu?"

Ilikuwa yenyewe. Mama wa bibi harusi alikuwa uani ameinama anafagia, bado ametupa mgongo wake kwa desturi. Akainuka kutazama treni inayopita, kama watu wa reli wanavyoitazama bila kuiona, na macho yake yakakutana na yetu. Fagio likamdondoka. Ishenkazi, kwa adabu, akampungia mkono.

Tukaendelea kurudi nyuma. Tulirudi nyuma tukapita mashamba ya pamba, tukapita ng'ombe, tukavuka daraja. Bibi harusi alikuwa hatulii. Ishenkazi akashtuka, akaushika mkono wake.

"Ananifinya," akasema.

"Anahuzunika."

"Huku si kuhuzunika, mshenga. Ananifinya kama mtu mwenye habari." Akamwinamia binti, akasikiliza, lakini binti hakusema, maana mimi nilikuwa pale nasikia. Ishenkazi akanigeukia. "Mpe kile kifungua mdomo."

"Hapa?"

"Hapa. Aseme anachotaka kusema."

Hapa ndipo ninapotaka kuruka nisipaandike. Kanga ilikuwa ndani ya mzigo uliokuwa kati ya miguu yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua fundo moja. Lakini mimi niliona njia yote ya mtego: nikiitoa ndani ya treni, bila mashahidi, tukifika Muleba upande wao utasema bibi harusi hajafunguliwa mdomo, na nitatoa doti nyingine. Nilikwisha kuyaona mambo kama hayo. Ujanja wa namna hiyo niliufanya mwenyewe, kwa mbuzi.

"Ishenkazi," nikasema, "kitu kimoja hakilipwi mara mbili. Atasema Muleba."

Ishenkazi akamfuta binti uso chini ya kitambaa chake, akamwambia kwa Kihaya, "Vumilia, mwanangu. Huyu ndiye waliyetuletea."

Mkagua tiketi alikuwa kijana mfupi mwenye kofia kubwa. Akachukua tiketi zetu tatu, akazitazama, akanitazama.

"Mnakwenda Mwanza?"

"Ndiyo."

"Kwa kuzunguka dunia?"

Watu wakacheka. Yule mzee wa benchi la pili hakucheka. Akatazama sakafu, na kule kuniheshimu kwake kukaniumiza kuliko vicheko. Nikaanza kueleza habari ya uso wa injini, na meli, na gati. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia mwenye kujua.

"Mzee," akasema, ingawa sikuwa mzee, "hii inakwenda Tabora. Yenu ilikuwa pale ubavuni. Sasa hivi iko njiani kwenda Mwanza bila nyinyi."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya behewa kati ya maganda ya karanga, nikafungua fundo, nikatoa doti ya kanga na kuiweka mapajani mwa bibi harusi. Watu wote walikuwa wananitazama. Mashahidi nilikuwa nao wengi, kumbe.

Akaifunua pembe ya kitambaa. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake.

"Shemeji," akasema polepole, bila hasira, "garati haina mbele. Haigeuzwi. Inakwenda popote kwa upande wowote." Akaikunja kanga. "Baba alitaka kukuambia."

Tulishushwa kituo kilichofuata. Treni nyingine ya abiria ya kwenda Mwanza haikuwepo mpaka keshokutwa, na meli ilikuwa inaondoka kesho jioni. Usiku wa pale nauacha. Tulilala kwenye baraza la kituo na mizigo yetu, na mbu waliifanya kazi yao. Ishenkazi hakunisema. Alikuwa mtu wa maneno, na sasa alikuwa ananipa kidogo kidogo: "Sogea." "Shika hiki." Nilitamani anitukane nimalize.

Kesho yake mchana ikaingia treni ya mizigo kutoka Tabora, imevutwa na garati, na ilikuja kinyumenyume: tangi la mafuta mbele, bomba nyuma. Niliitazama ikija hivyo, bila aibu hata kidogo, kama mtu mwenye haki yake. Ikasimama kwenye bomba la maji. Aliyeteremka kutoka kibandani, mweusi kwa masizi mpaka kope, alikuwa baba wa bibi harusi.

Kwa desturi hakutakiwa kumwona binti yake kwa miezi mingi. Binti aligeukia ukuta mara moja. Baba naye akapitisha macho juu ya kichwa chake kama pale pamekaa gunia. Nikaona jinsi ilivyowagharimu wote wawili, na kwamba mimi ndiye niliyewawekea gharama hiyo. Mkewe alikuwa amemweleza kabla hajaenda zamu ya treni ile. Naye alikuwa amemwomba gadi tubebwe.

Akanijia. Nikainama kumwamkia.

"Mshenga," akasema, "mbuzi hajambo?"

"Hajambo, Tata waitu."

"Injini inakunywa maji. Tuna nafasi. Njoo."

Akanishika kiwiko, akanitembeza kando ya garati ile tangu mwanzo wake hadi mwisho wake, kama kweli ina mwanzo. Alinionyesha magurudumu ya mbele na ya nyuma, mitambo yao miwili iliyo sawa, na lile egemeo ambalo birika limelalia pande zote mbili, na mabomba ya mvuke yenye viungo yanayokubali kupinda. Joto lake lilinipiga usoni. Dereva, Singasinga mwenye kilemba, alikuwa ameegemea dirisha lake juu yetu.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye."

"Aliyesema itasukuma?"

"Ndiye."

Singasinga akatikisa kichwa kwa huruma, akaingia ndani. Nilisikia akicheka huko ndani karibu na moto.

"Na uzuri wake mkubwa," baba wa binti akasema, tukiwa tumefika kwenye tangi la mwisho, akasimama, akanisubiri nimkatize. Sikumkatiza. "Uzuri wake mkubwa ni kwamba haihitaji kugeuzwa. Injini nyingine zikifika mwisho wa njia zinatafutiwa pa kugeuzia. Hii hapana. Kwa hiyo usiiulize inatazama wapi. Muulize mtu."

"Nimesikia, Tata waitu."

"Basi pandeni."

Tukapanda behewa la gadi. Kwenye kona niliitoa shingo nje nikaiona garati ikijikunja kule mbele, kipande cha kwanza kikiingia kwenye mviringo wakati cha mwisho bado kimenyooka, na birika kati yao limetulia. Ilikuwa kama alivyosema. Ningeweza kuipenda siku nyingine.

Meli tuliikuta imeondoka. Moshi wake haukuonekana tena. Tulikaa Mwanza wiki nzima kwa mtu wa Muleba aliyekuwa akipakia mizigo bandarini, tukila chakula chake. Nilifikiria kupeleka simu ya maandishi. Ingefika posta ya Bukoba. Lakini kutoka posta hadi kibanjani kwetu, shambani kwenye migomba, ingehitaji mtu wa kutembea, na kila mtu wa kutembea alikuwa kwetu anakunywa.

Yaliyotokea Bukoba nilielezwa na mdogo wangu, baadaye sana, na alinieleza kwa sababu nilimlazimisha. Walikwenda bandarini kabla ya meli, yeye na Tata na wanawake wa kuimba, lori likiwa limepambwa kwa majani ya migomba. Yeye alivaa koti la kuazima. Meli ikafunga, watu wakashuka. Wanawake walianza kuimba walipomwona mama mmoja mnene akishuka na binti, kisha wakaona si ishenkazi, wakaukata wimbo katikati. Walisubiri mpaka makuli wakaanza kuteremsha magunia. Tata alikwenda mwenyewe kumuuliza karani wa meli, akamuuliza mara mbili. Kisha akapanda lori, akakaa mbele, akasema, "Twendeni. Wageni wana kiu."

Wakapita Kemondo wakiwa na lori lililopambwa na halina mtu. Wateja wangu wote walikuwa barabarani kulitazama.

Na wageni wakanywa. Lubisi haikuweza kungoja, wala wao. Walikunywa harusi isiyo na bibi harusi, wakaaga kwa adabu, na wengine walipofika barabarani wakasema labda tulikataliwa. Siku ya pili Tata akatoka nyumba kwa nyumba. Kibanja chetu kilikuwa kikubwa, migomba yetu ilijulikana, na watu ndio waliokuja kwetu kuomba. Safari hii Tata, mwenye kibanja kile, alikwenda kuomba ndizi kwa majirani ili afukie upya.

Tulipofika wiki iliyofuata hakukuwa na majani kwenye lori. Njia nzima kutoka Bukoba ishenkazi aliwahadithia waliopanda nasi: uso wa injini, meli, gati, kuzunguka dunia. Alihadithia vizuri, na kila walipopanda wapya alianza upya. Tulipoteremka Muleba habari ilikuwa imeshatutangulia na watoto walikuwa wanatembea kinyumenyume mbele yangu wakipuliza honi. Lakini la kanga hakulisema. Hilo lilikuwa lake pia: yeye ndiye mlinzi wa bibi harusi, na bibi harusi alikuwa amesema njiani.

Tata alinipokea mizigo. "Mmefika," akasema.

"Tumefika, Tata."

"Hamkuumia?"

"Hatukuumia."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza kitu kingine, siku ile wala baadaye.

Jioni bibi harusi akakalishwa kwenye mkeka, amefunikwa. Nyumba ilijaa, maana safari hii watu walikuja kwa sababu mbili. Lubisi ya ndizi za kuomba ikagawiwa. Ndipo Tata akasema, kwa sauti yake ya mbele za watu, "Mshenga, kifungua mdomo."

Nikasimama. Nilikuwa nimelijua neno hilo linakuja tangu Mwanza, na wiki nzima sikupata la kulijibu. Doti nyingine sikuwa nayo. Fedha yangu yote ilikuwa imekwenda kwenye tiketi. Nikisema nilikwisha kuitoa, nimemvua nguo binti wa watu mbele ya wakwe zake, pamoja na shangazi yake. Nikinyamaza, nimemleta bibi harusi mikono mitupu baada ya kumleta kwa kuchelewa, na Tata ndiye atakayekwenda tena kuomba. Nikaingiza mkono ndani ya mzigo wangu, nikapapasa nguo zangu chafu, kwa kutafuta muda tu.

Ishenkazi akanong'ona kitu, akajisogeza kwenye mkeka kama mtu aliyekaa vibaya. Chini ya upande wake, kutoka chini ya kitambaa cha bibi harusi, kitu laini kikasukumwa mpaka kwenye mguu wangu. Nikainama. Ilikuwa ile kanga, imekunjwa vile vile alivyoikunja ndani ya treni.

Nikaichukua, nikaiinua juu watu waione, nikaiweka mapajani mwake. Watu wakaitikia. Ishenkazi akaipima kwa vidole, akasema kwa sauti kubwa kwamba ni kanga nzuri, upande wao umeridhika.

Bibi harusi akafunua uso. Watu walikuwa wanasubiri awaambie habari za treni, na angeweza kuwaambia. Akamtazama Tata, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kihaya, taratibu, maneno yote ya heshima bila kuacha hata moja, kama mtu ambaye hajawahi kufungua kinywa tangu alipotoka kwao.

Alikaa kwenye kibanja kile maisha yake yote, na kanga ile aliivaa mpaka ikawa ya kupalilia. Kila nilipokuja kuwatembelea nikamwona ameinama migombani amejifunga nayo, nilipita njia ya nyuma ya nyumba, ile ndefu.